Siku ya Usawa Katika Kata Yenu: Iandaeni Ili Watu Wapate Huduma

Kila zinapokaribia Machi 8 na Desemba 3, swali huwa lile lile kutoka kwa vikundi vya Ifakara, Mang'ula, Mlimba, na hata ng'ambo ya mto Kilombero, Mahenge na Malinyi: tunataka kufanya siku ya usawa katika kata yetu, tuanzie wapi? Wanaouliza ni akina mama wa VICOBA, vijana wa bodaboda, wazazi wa watoto wenye ulemavu, wanakwaya, walimu wa madrasa. Swali la pili huja siku ikishapita: mbona uwanja ulijaa na hakuna kilichobadilika?

Jibu la yote mawili ni moja. Mwenye shida akifika uwanjani asubuhi, jioni aondoke akijua ofisi ya kwenda, mtu wa kumwona na tarehe ya kurudi. Fulana, hotuba na ngoma ni za kumvuta aje. Mkiishia hapo mtakuwa mmefanya sherehe. Sherehe haina ubaya, ila msiiite huduma.

Hatua zifuatazo zinafaa kijiji au kata yoyote ya bonde la Kilombero. Hazihitaji mfadhili mkubwa. Zinahitaji kamati ndogo isiyochoka na daftari moja.

## Kwanza: hesabuni wasioonekana mikutanoni

Kabla ya kutafuta spika, kaeni na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa mpitie nyumba moja baada ya nyingine. Ulizeni: katika nyumba hii, nani hatujawahi kumwona kwenye mkutano? Kwa kawaida majina yatakayotoka ni ya:

- mama mjane aliyerudi kwao baada ya ndugu wa mume kuchukua shamba;
- kijana mwenye kifafa anayefichwa ndani;
- mtoto mwenye ualbino asiyepelekwa shule kwa hofu ya usalama wake;
- kiziwi ambaye nyumbani wanaelewana naye kwa ishara za kwao tu;
- mzee asiyeona anayeachwa peke yake wengine wakienda shamba;
- familia za wafugaji, Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig, wanaoishi mbali na ofisi ya kijiji.

Orodha hiyo ndiyo mpango wenu wa kazi. Ikiwa na majina kumi na mawili, basi siku yenu ni ya watu kumi na wawili kwanza, na wengine mia tatu ni wageni wao. Itunzeni kwa siri. Haisomwi hadharani wala haibandikwi kwenye mbao za matangazo.

Wafuateni nyumbani kabla ya kupanga chochote, mumwulize kila mmoja atakachohitaji ili aweze kufika. Wengi watawaambia jambo dogo: bajaji ya kwenda na kurudi, mtu wa kumshika mkono, au mtu wa kubaki na watoto.

## Tarehe: fuateni kalenda ya mpunga

Kosa la kwanza la kamati nyingi ni kuchagua tarehe kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Bonde lina kalenda yake. Machi hadi Mei ni masika: barabara ya Mlimba huwa mtihani, na mto Lumemo ukifurika, Ifakara yenyewe huingia maji. Mpunga ukianza kuchanua, akina mama na watoto huhamia mashambani, wanalala kwenye dungu na kuamia ndege. Mavuno yakianza mwezi wa tano hadi wa saba, kijiji kinabaki na wazee na wagonjwa. Mkiita mkutano wa usawa wakati huo, mtakuwa mmewaacha nje haohao mnaowatafuta.

Siku zinazotambulika kitaifa na kimataifa ni hizi:

- Jumatatu ya pili ya Februari: Siku ya Kifafa Duniani
- 8 Machi: Siku ya Wanawake Duniani
- 13 Juni: siku ya uelewa kuhusu ualbino
- 16 Juni: Siku ya Mtoto wa Afrika
- 15 Oktoba: Siku ya Fimbo Nyeupe, pia siku ya wanawake wanaoishi vijijini
- 25 Novemba hadi 10 Desemba: siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia
- 3 Desemba: Siku ya Watu Wenye Ulemavu

Ningekuwa nawachagulia, ningesema Oktoba 15. Inabeba mambo mawili kwa mpigo, ardhi ni kavu, watu wameshavuna, na kilimo kipya hakijashika kasi. Mkilazimika kufanya Machi, fanyeni ndogo, na mpeleke meza moja ya huduma huko mashambani watu waliko.

Saa nayo ni muhimu. Mama lishe hawezi kuacha jiko saa sita mchana. Anzeni saa tatu asubuhi, malizeni saa saba. Msimngoje mgeni rasmi. Akichelewa, huduma ianze, hotuba yake imkute katikati.

## Ofisi za kualika, na kazi ya kila moja

Msialike "viongozi". Alikeni watu wenye kazi ya kufanya siku hiyo, na kila mmoja aandikiwe barua inayotaja kazi yake:

- Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: usajili wa vikundi na mikopo ya halmashauri.
- Afisa Ustawi wa Jamii: matunzo ya watoto, migogoro ya ndoa, wazee wasio na msaada, na watu wenye ulemavu.
- Dawati la Jinsia na Watoto la polisi: kesi za ukatili. Ombeni aje askari aliyezoea kusikiliza, ikiwezekana wa kike, na akae pembeni.
- Msaidizi wa kisheria: hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaada wao kwa wasio na uwezo ni wa bure.
- Mhudumu wa afya: kutoka zahanati au kituo cha afya chenu. Mkiwa karibu na mji, andikeni mapema pia kwa Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko iliyopo Ifakara.
- Mwalimu wa elimu maalumu: awaeleze wazazi shule gani inampokea mtoto wa aina gani.
- Vyama vya watu wenye ulemavu: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, chama cha watu wenye ualbino, au SHIVYAWATA, shirikisho lao wote. Waje kama waandaaji, si kama wageni wa kupewa zawadi.

Jueni kwanza mko halmashauri gani. Kidatu, Mang'ula na Kiberege ziko Halmashauri ya Mji wa Ifakara. Mngeta, Chita na Mlimba ziko Halmashauri ya Mlimba. Barua ikienda sipo, mtapoteza wiki mbili.

Mkusanyiko wa hadhara unahitaji taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya angalau saa 48 kabla. Mwambieni na mtendaji wa kata, na kama kuna muziki na ngoma muulizeni Afisa Utamaduni kuhusu kibali. Bakini na nakala yenye muhuri.

## Uwanja: pimeni kwa magurudumu

Ifakara ni mji wa baiskeli, hivyo kipimo mnacho. Chukueni baiskeli, muisukume kutoka barabarani hadi meza ya mwisho, kisha hadi chooni. Penye mchanga wa kunasa tairi au ngazi, baiskeli ya mtu mwenye ulemavu itanasa pia. Kifusi kidogo na ubao wa mlango wa zamani hutosha kutengeneza njia.

Kagueni haya siku mbili kabla:

1. Choo kimoja chenye mlango mpana, maji, na kitu cha kushikia.
2. Kivuli cha kutosha. Mwenye ualbino asikalishwe juani hata dakika kumi. Apewe kiti ndani ya turubai, wala asiambiwe asogee mgeni akifika.
3. Mkalimani wa lugha ya alama asimame mbele, kwenye mwanga, pembeni ya msemaji. Asiwekwe nyuma ya spika.
4. Mtu wa kutafsiri Kisukuma na Kimasai kwenye meza za huduma.
5. Spika zielekezwe mbali na meza. Mama hawezi kusimulia kipigo huku ngoma ya sangula inarindima sikioni.
6. Angalau chumba kimoja cha darasa chenye mlango unaofungwa, kwa mazungumzo ya siri.

## Mtu akianguka kifafa uwanjani

Nimelitengea jambo hili sehemu yake kwa sababu kifafa ni tatizo kubwa upande wetu. Mahenge inajulikana duniani kwa hilo tangu mwaka 1960, Dk. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwe, alipoanzisha kliniki ya kifafa huko. Watafiti wamehusisha wingi wa wagonjwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni. Hata hivyo bado wapo wanaokimbia povu la mgonjwa wakiamini linaambukiza. Haliambukizi. Imani hiyo imewaunguza watu wengi: mtu ameangukia jikoni, na wenzake wakaogopa kumtoa motoni.

Wafundisheni vijana wenu wa ulinzi hatua hizi kabla ya siku kufika:

1. Ondoeni mawe, viti na chochote cha kumuumiza. Wekeni kanga au koti chini ya kichwa.
2. Legezeni nguo shingoni, mgeuzeni alale ubavu.
3. Msimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko, kijiti au kidole mdomoni.
4. Angalieni saa. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali.
5. Akizinduka, mwambieni taratibu yuko wapi na nini kimetokea. Wafukuzeni wenye simu za kupiga picha.

Kisha, kabla hajaondoka, mhudumu wa afya amwandike. Dawa za kifafa zipo na zinasaidia wengi, lakini humezwa kila siku. Ajue atazipata wapi mwezi huu na mwezi ujao.

## Meza ya ardhi itajaa kuliko zote

Jiandaeni. Bonde la Kilombero lina rutuba, na penye rutuba pana magombano. Kati ya mwaka 2016 na 2019, wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilikuwa kwenye mpango wa serikali wa kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila, kwa msaada wa Uingereza, Sweden na Denmark. Wanawake wengi walipata hati kwa majina yao au pamoja na waume zao. Wapo pia walioachwa, na wapo wasiojua jina gani limeandikwa kwenye hati ya familia.

Watakaokaa kwenye meza hii wawe na mambo manne mdomoni:

- Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi. "Ndiyo mila yetu" haitoshi kuwa hoja.
- Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na angalau 3 kati yao lazima wawe wanawake. Kama lenu halina, hilo ndilo la kwanza kurekebisha.
- Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.
- Wenye viwanja katika mitaa ya mji hawamalizi mambo kwenye serikali ya kijiji. Wao wamwone afisa ardhi wa halmashauri.

Onyo: msitoe hukumu uwanjani. Mkiona mama ana haki, mwandikieni hatua inayofuata na msaidizi wa kisheria aende naye. Mkimtangaza mshindi mbele ya shemeji zake, jioni nani atabaki naye kumlinda?

## Mikopo ya asilimia kumi

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisitishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya fedha kupotea, ukarudi mwaka 2024 na masharti mapya. Kwa hiyo msimsikilize anayewaeleza "tulivyofanya mwaka ule". Mwulizeni afisa wa kata masharti ya sasa, hasa idadi ya wanachama na umri wa vijana.

Makosa yanayonyima vikundi fedha:

- kikundi kuundwa wiki moja kabla ya kuomba, bila shughuli yoyote;
- kumtia mtu mwenye ulemavu kwenye orodha ili kugusa ile asilimia 2, kisha asione hata shilingi;
- katiba ya kikundi iliyonakiliwa, ambayo wanachama hawajaisoma;
- kukopa kwa ajili ya kilimo cha mpunga na kupanga marejesho mwezi wa pili, wakati shamba halijaleta kitu.

Na lisemwe wazi mezani: huu ni mkopo, haukutolewa kama zawadi ya kampeni. Unarudishwa.

## Kesi za ukatili: tahadhari nne

1. Msimpandishe mtu jukwaani kutoa ushuhuda. Atapigiwa makofi uwanjani na kunyooshewa vidole sokoni.
2. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, ndani ya saa 72. Asioge, asifue nguo alizovaa. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na zikichelewa hazifai.
3. Msisuluhishe ubakaji wala mimba ya mtoto kwa mbuzi au fedha. Mzee wa ukoo atakayependekeza hivyo aambiwe kwa heshima kwamba ni kosa la jinai.
4. Mtoto ana namba yake: 116, simu ya huduma kwa mtoto, na haina malipo. Iandikeni kwa herufi kubwa kwenye kila meza na kwenye mlango wa choo cha wasichana, mahali anapoweza kuisoma bila kuonekana.

Kata na vijiji vinatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto chini ya mpango wa taifa unaojulikana kama MTAKUWWA. Ulizeni ya kwenu ilikaa lini mara ya mwisho. Swali hilo peke yake limewahi kufufua kamati nyingi.

## "Lakini sisi..."

"Hatuna fedha." Uwanja wa shule, viti vya kanisa na msikiti, uji wa kuchangia, na nauli za bajaji kwa wale wa orodha yenu. Nauli ndiyo matumizi ya kwanza. Fulana ndiyo ya kukata kwanza.

"Maafisa hawaji bila posho." Wengine hawaji kweli. Ila ofisi inayoandikiwa mwezi mmoja kabla, ikaambiwa wananchi watakaokuja na shida zao ni zipi, huweza kuiweka siku yenu kwenye ratiba yake ya kazi. Barua ya siku tatu inaomba fadhila.

"Wanaume watasema tunawachochea wake zao." Wakaribisheni na wao wawe na cha kufuata: hati ya shamba, mkopo wa vijana, kupima shinikizo la damu. Mzee mwenye bawasiri ya siku nyingi akihudumiwa vizuri, atamruhusu mkewe hata kabla hajaulizwa.

"Usawa ni mambo ya kuletwa." Ibara ya 12 na ya 13 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 zinasema binadamu wote ni sawa na zinakataza ubaguzi. Hilo limeandikwa kwetu.

"Wakulima na wafugaji hawawezi kukaa pamoja." Mwaka 2012 operesheni ya kuondoa mifugo bondeni iliacha majeraha ambayo hayajapona. Msianze na mjadala wa malisho. Anzeni na chanjo za watoto na uandikishaji wa shule. Mama wa Kisukuma na mama wa Kindamba wakiwa foleni moja na watoto migongoni, watasalimiana wenyewe.

## Siku ikiisha, kazi inaanza

Hapa ndipo vikundi vingi hufia. Nunueni daftari gumu, mlichore safu sita: jina au namba ya siri, kitongoji, shida, ofisi aliyoelekezwa, tarehe ya kurudi, matokeo. Mtu mmoja alishike, na lifungiwe.

- Baada ya siku saba: pigeni simu au piteni nyumbani. Je, alikwenda? Alipokewa?
- Baada ya mwezi: pelekeni kwa mtendaji idadi ya waliokwama na ofisi walikokwamia, bila majina.
- Baada ya miezi mitatu: lisemeni suala hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo maamuzi hupata nguvu. Ombeni iwe ajenda ya kudumu.

Wakumbusheni viongozi pia kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mkiiunda kamati hiyo, mwakani hamtahitaji kuanza upya.

Mtu akiwauliza siku yenu ilifanikiwa vipi, msimtajie idadi ya viti vilivyojaa. Fungueni daftari, mhesabu safu ya mwisho. Watu kumi waliopata dawa, hati, mkopo au nafasi ya shule ni kazi kubwa kuliko watu elfu moja waliokula pilau. Kama safu hiyo ni tupu, msipange siku nyingine. Kwanza rudini kwa wale mlioandika majina yao.